Saratani ya Urakasi: Damu ya Mkojo Isiyokoma kwa Dawa ya Kichocho

Ndugu matabibu, wauguzi na wananchi mliofika hapa Mbeya, mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa akikojoa damu, sisi sote huwaza kichocho kwanza, wala hatukosei. Lakini damu ikirudi baada ya mgonjwa kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, ipasavyo, kumpa dozi nyingine bila kutazama ndani ya kibofu ni kumcheleweshea tiba. Kichocho chenyewe, kikikaa miaka mingi, huweza kuzaa saratani ya kibofu. Na ipo nyingine, adimu zaidi, isiyotokana na maji ya ziwa, ambayo ndiyo niliyoitiwa kuieleza leo.

Mtoto akiwa tumboni, mrija uitwao urakasi huunganisha kibofu na kitovu, kisha hujifunga na kubaki kama kamba. Kwa baadhi ya watu mabaki ya mrija huo huendelea kuwa na chembe hai za utando wake wa ndani, na humo saratani huweza kuanza. Haifiki hata mgonjwa mmoja katika kila 100 wa saratani ya kibofu. Kwa kuwa huanzia nje ya ukuta wa kibofu, damu huonekana saratani ikiwa imekwisha kukua. Wengine hukojoa ute mzito, dalili ambayo mgonjwa haitaji asipoulizwa. Wengine huwa na uvimbe chini ya kitovu, na mkono wa tabibu unatosha kuugundua.

Sistoskopi, yaani kamera nyembamba inayoingizwa kibofuni kupitia njia ya mkojo, huonyesha uvimbe kwenye paa la kibofu, na hapo hukatwa kipande kidogo cha kupimwa maabara. Jibu la maabara likisema adenokasinoma, yaani saratani ya chembe za tezi, kazi haijaisha, kwani saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hufanana nayo mno chini ya hadubini. Kwa hiyo utumbo nao huchunguzwa kwa kamera, na kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, huonyesha uvimbe ulivyopanda kuelekea kitovuni.

Kuukwangua uvimbe kupitia njia ya mkojo hakutoshi, maana mzizi wake uko nje. Daktari bingwa huondoa paa la kibofu, kamba ya urakasi na kitovu kwa pamoja, bila kuvitenganisha, na mara nyingi matezi ya nyonga pia. Najua kwetu kitovu kina heshima yake, na wapo wanaosita kwa sababu hiyo tu. Lakini kukibakiza ni kuiachia saratani mahali pa kurudi. Sehemu kubwa ya kibofu hubaki, na ingawa mgonjwa huenda haja ndogo mara kwa mara mwanzoni, hali hiyo hupungua. Ugonjwa ukiwa umesambaa, hutumika tiba kemikali, aghalabu sisplatini pamoja na fluorourasili. Mionzi ina nafasi ndogo.

Basi katika barua ya rufaa andikeni dozi za prazikwanteli alizokwisha kupewa, kama ute umeonekana, na uvimbe uko upande gani wa kibofu.