Niambie Kwanza Jioni Unafanya Nini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nipendekeze vitabu vya fantasia, yaani hadithi za nchi zisizo kwenye ramani, zenye wachawi, majini na mazimwi. Nimekuja na vitatu tu. Orodha ndefu humfurahisha anayeitoa kuliko anayeipokea.

Wengi tukipendekeza tunaanzia kwenye kitabu: kimesifiwa, kimeuzwa sana, kina filamu. Mimi naanzia kwa msomaji. Akitoka kazini anakwenda wapi? Anabishania nini? Mikono yake imezoea kushika nini?

Tuseme ni mvuvi wa Msangamkuu au Mikindani, huku kwetu Mtwara. Huyo nampa A Wizard of Earthsea cha Mmarekani Ursula K. Le Guin, kilichotoka 1968. Dunia yake yote ni visiwa. Kijana Ged anakwenda kisiwa cha Roke kusomea uchawi, na wachawi wa huko wanaweza kuuita upepo ukaja. Ila walimu wao hawataki uitwe ovyo, maana mvua ukiivutia huku, pengine umekausha mashamba ya kisiwa kingine. Mtu aliyezoea kungoja upepo wa kusi upungue ndipo atoke hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hapo. Baadaye Ged anakisaka baharini kivuli alichokifungulia mwenyewe kwa kiburi. Chombo chake? Mashua kuukuu ya mzee mvuvi, na sehemu ya malipo ni kumtibu mzee yule mtoto wa jicho. Mimi hapo ndipo nilipompenda mwandishi: mchawi mkubwa, lakini mashua inavuja na lazima aizibe.

Mpenda vijiwe vya tembo na pombe nyingine, na msimu huu wa mabibo nawajua mpo, atachukua The Palm-Wine Drinkard cha Amos Tutuola wa Nigeria, cha 1952. Mlevi amefiwa na mgema wake, aliyeanguka kutoka mtini. Tembo la wagema wengine halimkolei, basi anafunga safari kumfuata marehemu hadi Mji wa Wafu. Kiingereza chake hakijanyooka, na wapo wasomi wa Nigeria waliokionea aibu. Mimi naona ndiyo raha yake. Kisomwe kwa sauti, mbele ya watu, kama ngano.

Wabishi wa siasa wanipokee Kusadikika cha Shaaban Robert, cha 1951. Nchi inaelea angani, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa na kuambulia kifungo. Kiko kwa Kiswahili, ni chembamba, hakuna udhuru.

Kuna anayeniambia kila mara kwamba mambo haya ni ya Wazungu, sisi watu wa Kusini tuna korosho zetu. Ndugu yangu, Tendaguru iko mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, na leo kiunzi kimoja kilichounganishwa kimesimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Wachongaji wa Kimakonde nao wanatoa mashetani kwenye mpingo, jicho moja, mdomo tumboni, na hakuna aliyewafundisha kwa kitabu. Kwa hiyo msiniambie hamna kichwa cha mambo haya.

Nilichokosa ni upande wenu. Ngano za Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua nyingi ziko midomoni tu, na mimi nimetaja vitabu viwili vya mbali na kimoja cha mtu wa Tanga. Bibi pale mbele amekuwa akitabasamu tangu nilipotaja mazimwi. Bibi, karibu kipaza sauti, nami nitakaa chini nisikilize.