Kutoa Rangi Kuukuu kwenye Boti ya Faiba

RAMLA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Ramla, na Bakari huyu hapa, mikono yake bado ina madoa ya bluu.

BAKARI: Mikono tu, dada? Hata masikioni imo. Siku tatu nimeshinda chini ya tumbo la boti.

RAMLA: Ndiyo habari yetu ya leo. Boti ya faiba, rangi imepigwa juu ya rangi miaka na miaka, sasa inabanduka magamba magamba. Mtu aanzie wapi?

BAKARI: Aanze kwa kuiweka mashine chini! Wengi wakiona rangi kuukuu wanakimbilia mashine ya msasa. Faiba ina ngozi yake, jelikoti, na unene wake ni kama nusu milimita hivi. Nyuma yake ni nyuzi za kioo na resini, ile gundi ngumu inayozishika. Rangi utaipaka tena wakati wowote. Jelikoti ukiimaliza, umejitafutia kazi nyingine kabisa.

RAMLA: Unasema kama mtu aliyewahi kuimaliza.

BAKARI: Si niliimaliza! Boti yangu ya kwanza. Nilifunga msasa namba 40, ule mkali, maana namba ikipungua msasa unakwaruza zaidi, nikaiegemea mashine kwenye kona ya tezi, kule nyuma ya boti. Rangi nyekundu ikatoka, nyeupe ikatokea, nikafurahi, nikazidi kukandamiza. Kumbe ile nyeupe ndiyo jelikoti yenyewe. Nakuja kushtuka, naona nyuzi. Kidonda chenyewe sawa na kiganja, lakini kilinila wiki nzima: epoksi ya kuziba, puti ya kusawazisha, msasa, halafu puti tena.

RAMLA: Pole. Kona huliwa haraka.

BAKARI: Kona na mkuku, ule uti wa chini ya boti. Mashine inagusa mahali padogo, uzito wote unaangukia hapo. Siku hizi sehemu hizo nazifanya kwa mkono, na namba 40 siishiki. Naanza na 80, namalizia na 120.

RAMLA: Mimi chombo changu cha kwanza ni skrepa, kile kikwangulio. Skrepa ya chuma ya kawaida, ila kabla ya kuitumia nachukua tupa, nazifanya mviringo zile pembe zake mbili. Pembe kali, mkono ukiyumba kidogo tu, inachimba mfereji, na mfereji huo utauona hata juu ya rangi mpya.

BAKARI: Kisha unavuta, husukumi.

RAMLA: Navuta, taratibu. Rangi iliyochoka inatoka vipande vizima. Vipande unaviokota, vumbi utaliokota wapi?

BAKARI: Na dawa za kutoa rangi je? Kuna anayesema alipaka, akaenda kunywa chai, akarudi rangi imejikunja yenyewe.

RAMLA: Swali ni dawa gani. Zile zenye kloridi ya methilini hazitofautishi rangi na resini ya poliesta, ile ya boti yenyewe, zinalainisha vyote viwili. Na mvuke wake umeua watu waliofanyia kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Marekani ilizipiga marufuku kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Kwa hiyo soma kopo. Kama halisemi inafaa kwa faiba, liache dukani.

BAKARI: Hata likisema, mimi najaribu kwanza kipande kidogo, pasipoonekana.

RAMLA: Sawasawa. Halafu ipake nene, usiisugue kwa brashi huku na huku, ifunike na nailoni isikauke. Mtu anapaka nyembamba juani, inakauka, halafu analaumu dawa! Ukimaliza, osha mabaki yote kama kopo linavyoelekeza. Yakibaki, rangi mpya haitashika.

BAKARI: Mashine ya hewa moto?

RAMLA: Kwenye mbao, sawa. Kwenye faiba, hapana. Joto linalainisha resini, na tabaka zinaweza kuachana ndani kwa ndani bila wewe kuona.

BAKARI: Sasa tushuke chini ya mstari wa maji, maana hapo sina utani. Rangi ya kule imewekwa sumu makusudi, shaba mara nyingi, ili viumbe wa majini wasigande. Boti za zamani huenda zina hata misombo ya bati, ile iliyopigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Septemba 2008. Ukiisugua kavu, unaivuta mapafuni.

RAMLA: Kwa hiyo maji.

BAKARI: Maji, na msasa usioharibika kwa maji, kwa mkono. Umeme na maji visikutane! Barakoa yenye vichujio, ile ya kitambaa haikusaidii. Turubai chini, uchafu wote unakusanywa. Usiumwage majini.

RAMLA: Hapa sasa ndipo tunapogombana. Wewe unatoa rangi yote mpaka boti ibaki uchi.

BAKARI: Sasa niibakize ya nini?

RAMLA: Kama imeshika, ni msingi mzuri. Chora mistari kwa wembe, iliyokingamana, bandika utepe, ung'oe kwa nguvu. Ikitoka na rangi, kwangua. Isipotoka, isafishe, ikwaruze kidogo kwa msasa, paka juu yake, mradi rangi mbili hizo zinapatana.

BAKARI: Juu ya maji nakubali. Chini, mimi natoa yote, maana nataka kuona kama kuna malengelenge.

RAMLA: Na ukiyaona?

BAKARI: Navaa miwani, natoboa moja. Likitoa majimaji yenye harufu kama ya siki, maji yameshaingia kwenye faiba yenyewe. Hapo makopo ya rangi yanarudi stoo.

RAMLA: Mpaka lini?

BAKARI: Mpaka ikauke. Miezi, mara nyingine.

RAMLA: Miezi! Basi hiyo tuipe kipindi chake. Nenda kaoge masikio.