Kinubi Kinapiga Muziki Gani?

Mabibi na mabwana, wapenzi wa muziki,

Kila ninapoingia na ala hii katika jengo lolote hapa Nairobi, bawabu huniuliza kama ninaelekea kanisani au arusini. Swali lake nalielewa, kwa kuwa wengi wetu tulikutana na kinubi kwanza katika Zaburi, kisha katika picha za malaika, na mwishowe katika kumbi ambako hupigwa kwa sauti ya chini watu wakila. Jioni hii nataka kueleza kwa nini siwezi kumjibu kwa neno moja. Kinubi hakina mtindo wake mmoja. Mtindo hutegemea zaidi mambo mawili: jinsi ala inavyomruhusu mpigaji kupandisha na kushusha sauti ya uzi, na ni sehemu gani ya kidole inayougusa uzi huo.

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Nyatiti ya Wajaluo, obokano ya Wakisii na litungu ya Wabukusu huitwa vinubi mara nyingi, hata na walimu wenzangu. Itazameni nyatiti kwa karibu: nyuzi zake nane hupita juu ya daraja dogo lililokaa kwenye ngozi, kisha huenda hadi kwenye mti uliokingama, ulioshikiliwa na mikono miwili ya mbao. Nyuzi hizo huikandamiza ngozi. Katika kinubi, uzi huchomoza kwenye ubao wa sauti wenyewe na kupanda hadi shingoni, kwa hiyo ubao huvutwa, haukandamizwi. Hizo ni koo mbili tofauti, na nyatiti haihitaji kuazima jina la mwenzake ili iheshimiwe. Hata vile vinubi ambavyo mateka wa Zaburi ya 137 walivitundika mitini huko Babeli huitwa kinnor kwa Kiebrania, na wataalamu wengi wanaona kwamba kinnor ilikuwa ya ukoo wa nyatiti. Kinubi chenyewe, kwa maana niliyoieleza, tunacho Busia: ni adeudeu ya Wateso, yenye shingo iliyopinda kama upinde, nduguye adungu ya Waaluri na ennanga yenye nyuzi nane iliyopigwa katika ua wa Kabaka wa Buganda. Anayesema kinubi kimeletwa kwetu na wageni hajafika Teso.

Sasa tuje kwenye kinubi kikubwa cha okestra, ambacho kina nyuzi 47 na pedali 7. Nyuzi za noti ya C hutiwa rangi nyekundu na za noti ya F nyeusi, kwa sababu bila alama hizo jicho hupotea katikati ya nyuzi nyingi namna ile. Mfumo wake wa pedali ulipewa hataza jijini London mwaka 1810, na aliyeubuni ni fundi Mfaransa, Sébastien Érard. Kila pedali ina nafasi tatu. Ikiwa juu, uzi hulia ukiwa huru. Ukiikanyaga mara moja, diski ndogo iliyo shingoni huzunguka, pini zake mbili zikaubana uzi na kuupandisha nusu toni, yaani hatua moja ndogo kama ya kibao hadi kibao cha jirani kwenye piano. Ukiikanyaga tena, diski ya pili huongeza nusu toni nyingine. Lakini pedali ya C huzigusa C zote kwa pamoja, za besi na za juu, na ndiyo maana mpigaji hawezi kuwa na C ya kawaida katika mkono mmoja na C iliyopandishwa katika mkono mwingine, isipokuwa aiazime sauti hiyo kwa jirani, yaani D iliyoshushwa.

Katika kizuizi hicho ndimo ulimozaliwa uzuri wake. Kwa kuwa nyuzi mbili jirani zinaweza kupewa sauti moja, mpigaji huweza kupanga pedali ili nyuzi saba za oktava zitoe noti nne tu zinazopatana, kisha akapitisha mkono juu ya nyuzi zote kwa mpigo mmoja, na hakuna noti hata moja itakayokosea. Lile wimbi la sauti mlisikialo katika sinema mtu anapoanza kuota ndilo hilo. Mtunzi Mfaransa Ravel alilitumia kwa ustadi mkubwa mwaka 1905 katika kazi aliyoombwa na kampuni ya Érard. Mwaka mmoja kabla yake, mtunzi mwenzake Debussy alikuwa amewaandikia washindani wa Érard, kampuni ya Pleyel, vipande viwili vya dansi vya kinubi kisicho na pedali, chenye safu mbili za nyuzi zinazopishana. Kinubi hicho kilififia, lakini muziki wake unaendelea kupigwa, mara nyingi kwa kinubi cha pedali.

Katika jazi, miguu ndiyo hufanya kazi ngumu zaidi. Mpiga kinubi Dorothy Ashby wa Detroit, Marekani, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 1957, alifuata mabadiliko ya haraka ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, sawasawa na mpiga piano, pedali zikibadilika chini yake karibu kila bari, yaani kila kipimo kifupi cha mapigo. Mpiga kinubi mwenzake wa jazi, Alice Coltrane, alishika njia nyingine: alikaa muda mrefu katika ngazi moja ya sauti na kuliacha lile wimbi liende na kurudi. Ala ni ileile, na muziki wao haufanani hata kidogo.

Kinubi kilicho mbele yenu ni cha leva. Kina nyuzi 34, na kila uzi una leva yake, kishikizo kidogo kinachogeuzwa kwa mkono na kuupandisha nusu toni. Niliwahi kupiga katika arusi ambako mwimbaji, bila kunijulisha, alihama kutoka ufunguo wa C hadi wa D, yaani alibadili noti ambayo wimbo umeiegemea, katikati ya wimbo. Nilipaswa kugeuza leva 10, tano za C na tano za F, kwa mkono uleule uliopaswa kupiga. Nilinyamaza beti nzima, na ukimya huo naukumbuka hadi leo.

Leva hizi zina ndugu Zanzibar. Mpiga ganuni wa taarabu, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, naye hugeuza vyuma vidogo chini ya nyuzi, ila vyake hugawa sauti vipande vidogo kuliko nusu toni, kama maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, yanavyotaka. Ili nipige wimbo wa namna hiyo, sina budi kulegeza baadhi ya nyuzi kabla sijaanza, na nikishazilegeza siwezi kubadili maqamu njiani.

Muziki ambao ungeingia vizuri zaidi katika mji huu, kwa maoni yangu, hautoki Ulaya wala Zanzibar. Paraguay na nyanda za Venezuela wana vinubi vya asili visivyo na pedali wala leva, vilivyotokana na vile vilivyoletwa na Wahispania, na wenyeji huvipiga kwa kucha. Kucha hutoa sauti kali inayokata. Nyama ya kidole hutoa sauti ya mviringo. Kwa kuwa nyimbo zao hukaa katika ufunguo mmoja, nguvu yote ya mpigaji huenda kwenye mdundo: katika joropo, muziki wa dansi wa Venezuela, mkono wa kushoto huzipiga nyuzi za besi na kuzizima kwa kiganja, hata ukadhani kuna ngoma chumbani.

Wapiga gitaa wa benga walijifunza mengi kutoka kwa nyatiti, na benga nayo hukaa katika ufunguo mmoja. Wimbo nitakaopiga uko katika G, kwa hiyo nimepandisha leva tano za F na sitazigusa tena. Mkono wa kushoto utashika besi kwa namna ya joropo, na wa kulia, kwa kucha, utashika sehemu ya gitaa la solo. Naomba mlio mbele msikilize hasa mahali ambapo kiganja kinaizima besi.