Kupe Hakuruka Ukuta

Asante mwenyekiti, na nyinyi majirani wa Lang'ata mlioacha Jumapili yenu kuja kumsikiliza daktari wa mifugo.

Pitisheni hili kopo. Msifungue kifuniko, tafadhali. Mle mna kupe kumi na mmoja, wote nimewatoa kwenye sikio moja la mbwa wa hapa mtaani. Watazameni vizuri: kahawia tupu, hawana hata doa. Huyo ni kupe wa mbwa. Najua mnataka nimlaumu ngiri anayetoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kufukua nyasi zenu. Ngiri ana makosa yake, lakini hili si lake.

Kupe huyu anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya ua wako. Akishiba huanguka, hupanda ukutani, hujificha kwenye ufa, na jike hutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana ukimwogesha mbwa dawa ukaacha kibanda chake, baada ya wiki chache mnarudi palepale. Nyunyizeni nyufa, chomeni magunia anayolalia.

Wenye ng'ombe upande wa Rongai, hapo ni hadithi nyingine. Nyati hubeba vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, bila kuugua, naye kupe wa masikio, si yule wa mbwa, huvipeleka kwa ng'ombe. Mpaka wa kusini wa mbuga hauna ua, na mimi sitaki uwe nao, kwa sababu wanyama wanahitaji njia. Chanjeni. Chanjo yenyewe ilitokana na kazi iliyofanywa kwenye kituo cha utafiti cha Muguga, hapo tu. Kupe huyohuyo wa masikio hueneza ugonjwa wa kondoo uliotambuliwa 1910 ukapewa jina la jiji letu. Kondoo wa hapa huuzoea. Unaowanunua kutoka sehemu zisizo na kupe ndio hufa.

Sasa nyinyi wenyewe. Homa, kichwa kinagonga, na mahali fulani mwilini, mara nyingi pamefichika, kakidonda kenye kigaga cheusi. Hapa Nairobi kila homa tunaiita malaria, tunameza dawa za duka. Mwonyeshe daktari kile kigaga, umwambie una mbwa. Homa ya kupe ina dawa yake, na haitibiwi kwa dawa ya malaria.

Ukimkuta kupe amekung'ang'ania, usimchome kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota, kisha unawe kwa sabuni.

Haya, maswali. Na kopo langu limefikia nani?