Kocha Ambaye Hakuja, na Mzee wa Getini Ambaye Hajasamehe

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo? Mama, shikamoo, najua unaangalia kwenye simu ya kaka, mwambie asiruke tangazo, ndiyo ugali wangu huo.

Leo nipo ndani ya gari. Hita inaunguruma, nje baridi inakata masikio, na nina nusu saa tu ya mapumziko pamoja na chapati mbili za jana. Mkinisikia natafuna mnivumilie. Leo siongelei makaratasi wala bei za nyumba. Leo ni umbea wa mpira, huu wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, maana jana usiku kazini nusura watu wazima washikane mashati kwa sababu ya kocha. Na huyo kocha wanayemgombania hajawahi kuwafundisha hata siku moja!

Kwa wageni wa chaneli hii: mimi naishi Knoxville, jimbo la Tennessee. Siyo karibu na New York, acheni kuniuliza. Ni mji wa milima, mto na Warundi. Jumapili kanisani kwetu Kirundi na Kiswahili vinapokezana maiki. Na ni mji wa rangi ya chungwa. Msimu wa mpira ukifika, benki chungwa, duka la dawa chungwa, hata bibi ninayemhudumia kwenye hii nyumba ya wazee, ana miaka tisini na kitu, kucha zake lazima ziwe chungwa. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni kampeni za chama fulani.

Kumbe ni timu ya chuo kikuu. Tennessee Volunteers, wenyewe wanasema Vols. Na mnaposikia timu ya chuo msifikirie bonanza la wanafunzi na soda. Uwanja wao, Neyland, upo kando ya mto na unabeba watu zaidi ya 100,000. Uwanja wa Mkapa ni 60,000. Kuna mashabiki wanakuja kwa maboti, wanayafunga ukingoni, wanakula nyama choma zao, kisha wanapanda jukwaani. Na kocha wa timu kama hii analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Kwenye majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote siyo gavana wala daktari bingwa. Ni kocha wa mpira wa chuo. Kwa hiyo akitafutwa kocha, linakuwa jambo la kitaifa.

Sasa niwape wahusika. Kuna mlinzi wetu wa zamu ya usiku, mimi namwita Mzee wa Getini. Mmarekani wa hukuhuku milimani, ndevu nyeupe, kofia ya chungwa haijawahi kutoka kichwani. Na kuna mpishi, mama mmoja mkali kama pilipili kichaa. Mzee wa Getini ni mtu wa Mike Leach. Mpishi ni mtu wa Jon Gruden. Makocha wote wawili hawakuja Tennessee. Na hawa wawili wamekuwa wakigombana tangu naanza kazi pale.

Nianze na Gruden, yeye ndiye mkongwe wa kutokuja. Gruden kijana aliwahi kuwa kocha msaidizi wa ngazi ya chini hapa Tennessee, 1986 na 1987, na mke wake alikuwa mshangiliaji wa timu hii hii. Baadaye akaenda ligi kuu ya kulipwa, akabeba Super Bowl, ubingwa wa ligi hiyo, na timu ya Tampa Bay mwanzoni mwa 2003, kisha akawa mchambuzi kwenye televisheni. Basi kila kocha wa Tennessee kibarua chake kilipoota nyasi, mji mzima ulisema neno moja: Gruden. Wakamtimua Phillip Fulmer 2008, mtu aliyewapa ubingwa wa taifa msimu wa 1998: Gruden anakuja! Akaja Lane Kiffin, akakaa mwaka mmoja, akatoroka kwenda California, vijana wakachoma magodoro barabarani: Gruden anakuja! Akaja Derek Dooley, akafukuzwa 2012: safari hii Gruden kweli anakuja! Akaja Butch Jones.

Kila mtu ana binamu aliyemwona Gruden mgahawani. Watu wanafuatilia ndege ndogo za kukodi kwenye mtandao, imeruka wapi, inatua wapi, nani yumo ndani. Nikawaambia kazini, kwetu Dar mashabiki wa Simba na Yanga wanakwenda wenyewe uwanja wa ndege na vuvuzela kumpokea mgeni, hatuhangaiki na namba za ndege. Mpishi akaniuliza, na asipotokea kwenye hiyo ndege? Nikasema tunarudi nyumbani tunasema viongozi wamekula hela. Akacheka mpaka akaketi.

Basi tufike 2017, huo ndio mwaka wenyewe. Tennessee wamemaliza ushindi 4, vipigo 8. Haijawahi kutokea katika historia yao kupoteza mechi 8 msimu mmoja, na ndani ya ligi yao hawakushinda hata moja. Mechi ya mwisho wamechapwa nyumbani na Vanderbilt, majirani wa Nashville wanaowadharau, 42 kwa 24. Butch Jones alishatimuliwa wiki mbili kabla. Mkurugenzi wa michezo ni John Currie, mgeni kazini, hajamaliza hata mwaka. Kazi yake moja: lete kocha.

Jumapili, tarehe 26 Novemba. Mimi natoka kanisani, nimevaa kitenge, njaa inaniuma. Simu za watu wote zinalia. Kocha kapatikana! Nani? Greg Schiano.

Nani?!

Hivyo hivyo ndivyo mji ulivyosema. Schiano alikuwa kocha wa ulinzi wa chuo cha Ohio State. Huko nyuma alifundisha chuo kingine, Rutgers, miaka 11, ushindi 68, vipigo 67. Akaenda Tampa Bay kwenye ligi ya kulipwa, akashinda 11 akapoteza 21. Kocha wa kawaida, mchapakazi, aliinua Rutgers kutoka shimoni. Lakini mtu aliyesubiri Gruden miaka tisa ukimletea Schiano, ni kama umemwahidi pilau ukamfunulia sufuria la uji.

Jambo likawa zito zaidi ya hapo. Schiano aliwahi kuwa msaidizi Penn State miaka ya tisini mwanzoni, chuo ambacho baadaye kilikumbwa na kashfa kubwa ya Jerry Sandusky, msaidizi aliyefungwa kwa kuwadhalilisha watoto. Kwenye ushahidi wa kesi ya madai uliofunguliwa kwa umma 2016, shahidi mmoja alisema aliambiwa na mwenzake kwamba Schiano aliwahi kuona kitu. Yaani fulani kaniambia kwamba fulani kamwambia. Schiano alikana. Huyo mwenzake anayedaiwa kusema naye alikana. Hakushtakiwa na mtu yeyote.

Lakini mchana ule nani alikuwa na muda wa kusoma? Pale chuoni kuna jiwe kubwa linaitwa The Rock, wanafunzi hulipaka rangi na kuandika wanachotaka, heri ya kuzaliwa, nakupenda fulani. Siku hiyo likaandikwa tuhuma ile kwa herufi kubwa, kana kwamba hukumu imeshasomwa. Watu wakakusanyika kuandamana. Wabunge wa jimbo wakaingia mtandaoni kukataa. Wafadhili wakapiga simu. Schiano na Currie walikuwa wameshasaini hati ya makubaliano, mkuu wa chuo alikuwa bado hajasaini. Mchana kocha amepatikana, jioni kocha hayupo. Ile hati haikusainiwa na chuo mpaka leo.

Mimi hapa nina neno na wapenzi wangu wa chungwa, na nimelisema mbele ya Mzee wa Getini kwa hiyo siogopi. Wengi wao hawakuwa na shida na Penn State. Asubuhi ile wengi hawakuwa wanajua hata kama Schiano alifanya kazi huko. Shida yao ilikuwa zile 68 na 67. Kama humtaki mtu kwa sababu si mkubwa wa kutosha, sema hivyo, ni haki yako, umelipa tiketi. Kuokota tuhuma nzito namna ile ambayo haijathibitishwa na kumpiga nayo mtu kichwani kwa sababu ndilo fimbo lililokuwa karibu, hapana. Mpishi ananiambia mimi ni mgeni, sijui uchungu. Uchungu naujua. Baba yangu ni Coastal Union. Ubingwa wa 1988 anausimulia mpaka leo kama umechukuliwa juzi. Lakini hajawahi kumwandikia mtu hukumu kwenye jiwe.

Haya, chapati ya pili.

Baada ya hapo ikawa fedheha. Currie anabisha hodi kila mlango. Mike Gundy, akabaki zake Oklahoma State. Dave Doeren, akabaki North Carolina State. Bwana harusi anazunguka mtaani na mahari mkononi, kila nyumba wanamwambia binti amesafiri. Mwishowe akapanda ndege kwenda Los Angeles kuonana na Mike Leach wa Washington State.

Huyu Leach alikuwa kituko kizuri. Alikuwa na shahada ya sheria. Mpira wa chuo hakuucheza. Alipenda habari za maharamia wa baharini, ukimuuliza kuhusu mechi aliweza kukujibu kuhusu ushauri wa harusi. Lakini mfumo wake wa kurusha mpira hewani mechi nzima umeigwa nchi nzima. Na habari ni kwamba alikuwa tayari. Walionana tarehe 30 Novemba. Tarehe 1 Desemba Currie akaitwa nyumbani haraka, akasimamishwa kazi. Kiti chake akapewa nani? Fulmer! Yule yule waliyemtimua 2008. Na Fulmer akamchukua Jeremy Pruitt, msaidizi kutoka kwa watani wa jadi, Alabama.

Hapo ndipo Mzee wa Getini anaposimama kila mara. Anavua kofia, anaishika kifuani. Msimu wa 2018 Leach kule kwake alishinda mechi 11 na kupoteza 2, ushindi mwingi kuliko msimu wowote wa chuo kile. Pruitt hapa, 5 kwa 7. Mwaka 2020, 3 kwa 7. Januari 2021 Pruitt akafukuzwa kwa kuvunja sheria za kusajili wachezaji, na hukumu ilipotoka 2023 yalihesabiwa makosa 18 ya daraja la juu kabisa, chuo kikapigwa faini ya zaidi ya dola milioni 8. Mzee anauliza: haya yote tuliyanunua kwa bei gani? Tulikuwa na mtu mkononi!

Mpishi hakubali. Anasema Leach hakuwahi kubeba ubingwa wa ligi yoyote, na alipokuja kusini hatimaye, Mississippi State, alimpiga bingwa mtetezi LSU mechi yake ya kwanza halafu msimu ukaisha 4 kwa 7. Gruden angekuja, anasema, vijana wazuri wote wangemfuata. Mzee anamkumbusha Gruden alikwenda Raiders, timu ya ligi ya kulipwa, 2018 kwa mkataba uliotajwa kuwa wa miaka 10 na dola milioni 100, akaondoka Oktoba 2021 baada ya baruapepe zake za zamani kufichuka. Mpishi anajibu: hizo asingeziandika angekuwa hapa. Jamani! Mtu anatetewa mpaka kwa maisha ambayo hakuishi.

Na mimi nimegundua kwa nini hawachoki. Kocha aliyekuja ana matokeo, unayafungua, unasoma, mjadala umekwisha. Ambaye hakuja hana kipigo hata kimoja. Kila Jumamosi anashinda, kwenye kichwa cha Mzee.

Hakuna anayemtaja Schiano, mmeona? Yeye alirudi Rutgers mwishoni mwa 2019, mwaka 2023 wakamaliza na ushindi 7. Anaendelea na kazi yake. Nilipowauliza, wote wawili wakatazama pembeni. Mpishi akakumbuka ana sufuria jikoni.

Na msidhani wamekosa raha. Josh Heupel, kocha aliyekuja baada ya Pruitt, alipochukua timu mambo yakanyooka. Oktoba 15, 2022, Tennessee wakampiga Alabama 52 kwa 49, mpira wa mwisho ukipigwa kwa mguu wakati saa inaisha. Walikuwa hawajamfunga miaka 15 mfululizo. Watu wakaingia uwanjani, wakang'oa nguzo za goli, wakazibeba begani mpaka mtoni, wakazitumbukiza majini! Mimi nilikuwa zamu, bibi yangu wa kucha za chungwa analia, namfuta machozi nami nalia, sijui hata nalilia nini.

Leach alifariki Desemba mwaka huo huo, miezi miwili baadaye. Mpishi alimpikia Mzee wa Getini keki ya ndizi, akampelekea getini bila maneno. Wiki nzima pale kazini kimya. Nikajua yameisha, nikasema heri, tutakula kwa amani.

Jumatatu iliyofuata Mzee akaingia, akaweka flaski yake mezani, akavua kofia.

"Lakini ule mwaka 2018," akasema.

Mpishi akazima jiko, akaja na kiti. Nami jana nimewaacha hapo hapo, na naona taa ya jikoni inawaka, kwa hiyo ngoja niingie kabla mapumziko hayajaisha. Niandikieni chini, Simba na Yanga, kocha gani hakuja na bado mnamdai?