Namna ya Kung'oa Bushi ya Stenlesi Iliyoganda Kwenye Mlingoti wa Foili

Karibuni. Mezani leo kuna mlingoti wa alumini wa foili, yaani yale mabawa ya chini ya maji yanayoinua ubao wa kaiti. Hapa chini, pale inapofungwa fuselaji, ile fimbo inayoshika mabawa, imo bushi, kibomba kifupi cha stenlesi chenye hesi ndani, iliyoingizwa kiwandani kwa kushindiliwa. Inabidi itoke, nayo imegoma. Kwa wanaocheza kaiti Paje na Jambiani hili si geni: kaskazi nzima foili inalala na chumvi yake, kusi ikiingia hakuna kinachofunguka.

Kabla hujashika nyundo, jua kinachoibana. Stenlesi na alumini zikigusana kwenye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na inayoliwa ni alumini. Inageuka unga mweupe, na unga huo unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Hauna pa kwenda, basi unaikaba bushi kuliko kiwanda kilivyoikaba. Tazama ukingoni mwa tundu, hiyo chaki ndiyo yenyewe.

Na nitashikilia jambo moja mpaka mwisho: bushi iharibike, mlingoti usiguswe. Bushi nyingine fundi wa kerezo atakuchongea. Ukuta wa mlingoti ukipasuka, umepoteza mlingoti.

Anza kwa kufungua kila kitu: mabawa yote mawili, fuselaji, na sahani ya kwenye ubao. Osha kwa maji ya bomba, kisha simamisha mlingoti mpaka ukauke ndani. Usiruke hili. Milingoti mingi ya alumini ni mitupu, na maji yaliyonaswa yakipata moto yanageuka mvuke usio na njia ya kutokea. Kama mlingoti wako ni wa kaboni, usifuate maelekezo haya, maana joto litaharibu gundi yake.

Sasa siki nyeupe. Ivute kwa sindano, idondoshe kuizunguka bushi, na usiimwage ovyo kwenye rangi ya nje. Siki huyeyusha ule unga taratibu. Acha nusu saa, suuza, rudia. Usiiache usiku kucha, kwa sababu ikimaliza unga itageukia alumini. Kostiki soda usiisogeze kabisa, inakula alumini mbele ya macho yako. Wapo watakaokushauri shabu, kwa kuwa mafundi saa huitumia kuyeyushia skrubu iliyokatikia ndani. Ni kweli, lakini kwa chuma cha kawaida. Shabu haiitikisi stenlesi.

Ukishasuuza na kukausha, tia mafuta ya kupenya na uyape usiku mzima. Kila ukipita, gonga bushi kidogo kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba, gonga yenyewe na si alumini. Mtikisiko ndio unaoyaingiza mafuta.

Kesho yake tunavuta. Bana mlingoti kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, usibane kwa nguvu, kwa kuwa ni mtupu. Chukua nondo yenye hesi mwili mzima, saizi ya bushi. Hii yangu ni M8, yaani kipenyo cha milimita 8. Ikaze ndani ya bushi mpaka ishike hesi zote zilizobaki. Juu yake visha kipande cha bomba nene ambacho bushi inapita ndani yake bila kugusa, na mdomo wake ukae bapa juu ya alumini. Halafu washa nene, kile kisahani chenye tundu, halafu nati. Shika nondo isizunguke, kaza nati kwa spana. Nati inavyoshuka, bushi inapandishwa kwa mstari ulionyooka. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaochokonoa kwa bisibisi: ukichokonoa bushi inalala upande, na ikishalala upande inachimba ukuta.

Ikiwa nati imekuwa ngumu na bushi haijasogea, simama. Usiongeze urefu wa spana. Acha mvuto huo huo, tulete joto.

Alumini hutanuka kuliko stenlesi: kwa kila mita na kila digrii moja, maikromita 23 hivi dhidi ya 16 au 17. Sasa ipigie hesabu bushi ya milimita 12. Ukipasha vyote pamoja kwa digrii 100 zaidi, unapata nafasi ya milimita 0.008 tu. Ukiipasha alumini peke yake huku bushi ikibaki baridi, inakaribia 0.028. Ndiyo maana moto unakwenda nje, haraka, na barafu inakaa kwenye nondo.

Futa mafuta yote kwanza, yanawaka. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Tumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, si mtungi wa gesi, na izungushe pande zote bila kutua mahali pamoja. Lenga nyuzi 100 hadi 120. Dondosha tone la maji nje ya mlingoti: likichemka na kukauka papo hapo, inatosha. Alumini ya aina ya 6061-T6 hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto la nyuzi 160 na kitu, kwa hiyo ukizidi huko unaulegeza mlingoti utakaobeba uzito wako. Bana barafu kwenye nondo, kaza nati robo mzunguko. Sikiliza... umesikia huo mlio? Imeachia. Endelea kukaza polepole mpaka itoke yote.

Kama hesi za bushi zimekwisha kabisa, toboa kwa drili ya milimita 8.5 na ukate hesi mpya kubwa zaidi, za M10, kwa tepu ya kukatia hesi, mradi bushi ni nene vya kutosha. Stenlesi itoboe kwa mwendo mdogo, mkono mzito na mafuta. Ukiikimbiza inazidi kuwa ngumu. Njia ya mwisho ni kuitoboa katikati mpaka libaki ganda, ulikate kwa msumeno mwembamba na kulikunja kwa ndani, ukiacha kukata kabla ya kugusa alumini.

Tundu lisugue kwa brashi ya nailoni, si ya chuma. Paka Tef-Gel au Duralac, vitu vinavyotenganisha metali hizi mbili. Grisi ya shaba usiitumie hapa, shaba huila alumini vibaya zaidi. Bushi mpya ilaze kwenye friza, pasha mlingoti kwa kipimo kile kile, kisha isukume wima kwa jiliwa kabla haijapata joto. Vikishapoa, ingiza bolti za fuselaji kwa vidole tu. Zikizunguka bila kukwama mpaka chini, bushi imekaa sawa, unaweza kufunga mabawa.