Breki Kwanza: Mhadhara kwa Vijana wa Magari, Malindi

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee mlioketi mbele, shikamooni.

Kabla sijaingia ukumbini nimeyapitia magari yenu pale nje, moja moja. Nimeona ekzosi mpya, rimu pana, magari yaliyoshushwa karibu yaguse changarawe. Nimeinama pia nikasoma ubavu wa tairi moja: 2314. Maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mwenye gari hilo simtaji, ila wanangu, kwa tairi hiyo usiende uwanja wa mbio. Mpira huzeeka hata kama kashata zake, yale meno ya tairi, bado ndefu, na jua letu hili haliusaidii.

Malindi hatuna uwanja wa mbio. Ukitaka kulikimbiza gari lako pasipo na bodaboda wala mtoto wa shule, wasafiri hadi bara, waendesha kwa zamu za dakika chache, kisha warudi nyumbani kwa gari lilo hilo, na kesho yake lampeleka mama hospitali. Kwa hiyo nazungumza juu ya gari la barabarani, lenye nambari na viti vya nyuma.

Tazameni chupa hizi mbili. Hii ya kulia ni mafuta ya breki niliyofungua leo asubuhi, yana rangi ya asali changa. Ya kushoto nimeyatoa jana kwenye gari la mteja wangu wa Shella. Ni meusi kama kahawa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, hupenya hata kwenye mipira ya breki. Na sisi twaishi wapi? Pwani, ambako chumvi yenyewe haikauki mezani. Mafuta ya breki yana madaraja, yameandikwa DOT kwenye chupa. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kipimo chake cha chini ni nyuzi 155. DOT 3 ndiyo hafifu zaidi: 205 ikiwa mpya, 140 ikiwa na maji.

Joto latoka wapi? Gari la kilo 1,200 likisimamishwa kutoka kilomita 120 kwa saa, nguvu inayogeuka joto yatosha kuchemsha lita mbili za maji ya chai. Hiyo ni breki moja tu. Kila baada ya mnyoosho unachemsha sufuria nyingine, na diski hazipati muda wa kupoa. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, joto lazidi mara nne. Ndiyo maana breki inayokutosha barabara ya Mombasa yaweza kukuangusha uwanjani.

Mimi iliniangusha. Mara yangu ya kwanza bara nilikuwa na ekzosi mpya na kichujio cha hewa cha bei kubwa. Mzunguko wa sita, kona ya kulia, nikakanyaga pedeli ikazama kama mguu katika tope la mikoko. Mafuta yalikuwa yamechemka, na mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Nilipampu, nikashusha gea, nikaishia nyasini. Hakuna aliyeumia. Lakini mguu wangu ulitetemeka hadi jioni, na tangu siku hiyo kila gari la uwanjani linaloingia gereji yangu naanza nalo kwenye breki.

Pedi za breki za kawaida zina kiwango chake cha joto, zikikipita hazishiki tena. Nunueni za kustahimili joto kabla ya kununua chochote cha injini. Mafuta yawe mapya, ya chupa iliyofungwa; iliyokaa wazi miezi mitatu rafuni, tupeni. DOT 5 isichanganywe na hizo nyingine hata tone, maana hiyo ni silikoni.

Tairi zikipata moto upepo hupanda, basi pimeni mara tu mnapotoka uwanjani na kupunguza kidogo. Oili ya injini iwe imejaa hadi alama ya juu, kwani kwenye kona kali husogea upande mmoja. Betri ifungwe imara, kila kitu kinachoviringika kitoke ndani. Mkimaliza zamu, zungukeni mara moja polepole breki zipoe, na mkiegesha msivute hendibreki. Na someni bima yenu: sera nyingi za magari ya binafsi hazigusi mashindano wala majaribio ya kasi.

Kijana mmoja ameniuliza mlangoni kama haya yanawezekana bila pesa nyingi. Yawezekana: dereva wetu Mkenya, Joginder Singh, alishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976.

Haya, tutoke nje tukatoe mafuta ya zamani na hewa kwenye breki. Gari liko juu ya stendi nne. Nimesema stendi, si mawe, na jeki peke yake msilale chini yake kamwe. Nati za kutolea hewa nilizilowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu jana, kwa sababu chumvi huzing'ang'aniza. Tumieni spana ya duara, ile ya mdomo wazi itazila kingo. Tutaanza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na kikopo cha mafuta. Mmoja akanyage pedeli aishikilie, mwingine afungue, afunge, ndipo aseme "achia". Wewe mwenye shati la buluu, wako ni mguu. Usiachie kabla hujaambiwa.